Simama kwanza mbele ya mita: namna ya kupunguza umeme wa LUKU nyumbani

Kabla hujabadilisha balbu hata moja, kabla hujamgombeza mtoto aliyeacha TV ikiwaka, nenda kasimame mbele ya mita yako ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, uiangalie ile taa nyekundu ndogo. Kila inapopepesa kuna umeme umepita, na pesa yako imepita nao. Ikipepesa haraka unalipa haraka, ikipepesa polepole unalipa polepole.

Mimi ni fundi umeme. Nilisoma chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, na kazi zangu nyingi nazifanya hapa Dar es Salaam: Tabata, Segerea, Kinyerezi na Buguruni. Mara kwa mara naitwa kwenye nyumba ambayo watu wake wana hakika kwamba mita ni mbovu, na mara nyingi naikuta mita nzima kabisa. Kinachokula umeme kimo ndani, kinafahamika kwa jina, na watu wanakipita kila siku huku wakibishana kuhusu chaja ya simu. Inaniuma, kwa sababu nimekuta watoto wanasomea mwanga wa simu ili "LUKU isiishe", wakati balbu ya LED ya wati 9 inakula shilingi tatu tu kwa saa nzima. Mtoto asome. Tumtafute mla umeme halisi.

Jua kwanza unanunua kwa bei gani

Bei ninazotumia hapa ni zile zilizoanza Aprili 2016. Nyumba nyingi za Dar ziko kundi la T1, la matumizi ya kawaida: shilingi 292 kwa yuniti, yaani kilowati-saa (kWh) moja. Juu yake kuna VAT asilimia 18, ada ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, kwa hiyo yuniti moja inakufikia kwa shilingi 356 na senti kidogo. Ndiyo maana ukinunua wa elfu kumi unapata yuniti 28. Kama unapata hizo 28, ujue uko T1, huna haja ya kuuliza mtu.

Kuna kundi la D1, la wenye matumizi madogo. Hapo yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, yaani 122 ukiweka kodi zote. Yuniti inayozidi hizo 75 inauzwa shilingi 350 kabla ya kodi, ghali kuliko hata T1. Piga hesabu uone uzito wake: yuniti 75 kwa bei ya D1 ni shilingi 9,150. Yuniti hizo hizo kwa T1 ni zaidi ya shilingi 26,700. Nyumba ikiweza kuishi ndani ya yuniti 75 kwa mwezi, mfululizo, kuna sababu nzuri ya kwenda ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, ya eneo lako na namba ya mita mkononi ukaulizie kundi hilo. Yuniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Zinatosha taa, TV, feni na friji dogo zima, mkijipanga. Hazitoshi hita ya kuogea wala AC.

Halafu kuna hili la mwanzo wa mwezi, linalowatia watu hofu bure. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi, ukitoa elfu kumi, umeme wako ni wa 8,500 tu, karibu yuniti 24. Umeme haujapanda, na mita haijaharibika. Kama ulikaa miezi bila kununua, makato yanakusubiri yakiwa yamejikusanya. Na kama umepanga, kumbuka kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Tunza risiti zako mkae mzungumze naye kwa heshima.

Usihangaike na ile habari ya kununua kidogo kidogo au kununua alfajiri. Kwa mtu wa T1, yuniti ni bei ile ile ukinunua ya elfu mbili mara tano au ya elfu kumi mara moja.

Kuisoma taa nyekundu

Kwenye uso wa mita kuna maandishi madogo, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara 1,000, yuniti moja imekwisha. Chukua simu yako, fungua saa ya kuhesabu sekunde, halafu hesabu taa inapepesa mara ngapi. Chukua 3,600, zidisha kwa idadi ya mara ilizopepesa, gawa kwa sekunde ulizohesabu. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani kwako dakika hiyo.

Taa ikipepesa mara 10 kwa sekunde 36, nyumba inavuta wati 1,000. Ikipepesa mara moja kila sekunde 30, ni wati 120. Kama mita yako imeandikwa 1600 badala ya 1000, weka 2,250 mahali pa 3,600. Mita nyingine zina namba nyingine: gawa 3,600,000 kwa namba uliyoikuta, utapata ya kwako.

Sasa fanya hivi, mchana, watu wakiwa wametulia.

Zima kila kitu na uchomoe plagi. Usiishie kwenye rimoti: chomoa. Rudi kwenye mita. Taa inatakiwa iache kupepesa. Mita nyingine taa inazima kabisa, nyingine inabaki imewaka moja kwa moja bila kupepesa. Zote mbili maana yake hakuna kinachotumika. Ipe dakika kadhaa, maana kitu kidogo kinaweza kupepesa mara moja tu ndani ya dakika nzima.

Ikiendelea kupepesa, zima swichi kuu. Ikiacha hapo, kuna kitu ulichosahau kukizima au umeme unavuja ndani ya nyumba yako. Washa tena swichi kuu, kisha shusha breka moja moja mpaka uipate laini yenye tatizo. Wanaosababisha huwa ni wale wale: taa ya nje ambayo maungio yake yananyeshewa mvua, waya wa pampu uliofukiwa ardhini bila bomba, hita ya kuogea ambayo koili yake imeliwa na maji ya chumvi. Huo umeme unaovuja unakula pesa, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba unaweza kuua. Mtu akikuambia akigusa bomba bafuni anasikia ganzi, usiahirishe mpaka mwisho wa mwezi. Shusha breka ya laini hiyo na uite fundi siku hiyo hiyo.

Na kama umezima swichi kuu na taa bado inapepesa, kuna kitu kati ya mita na swichi yako. Inaweza kuwa waya ulioharibika, inaweza kuwa mtu kajiunganisha. Hapo usifungue chochote wala usiguse sili. Piga simu TANESCO, waje waangalie.

Taa ikiwa imetulia kabisa, anza kuwasha kifaa kimoja kimoja. Washa friji peke yake, hesabu, andika. Zima, washa pasi, hesabu, andika. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na ukiimaliza unaijua nyumba yako kuliko fundi yeyote atakayekuja.

Friji lisilopumzika

Nitaeleza nyumba moja ya Tabata Kimanga kwa sababu nyumba nyingi zinafanana nayo. Mama mwenye nyumba alinipokea mlangoni na risiti mkononi. "Fundi, mwanangu, hii mita inakimbia. Elfu kumi siku nne! Na sisi hata AC hatuna."

"Shikamoo mama. Tuzime kila kitu kwanza, halafu tuisikilize mita yenyewe."

Tulipozima, taa ikatulia. Nikawasha friji peke yake. Ikapepesa mara moja kila sekunde 20, sawa na wati 180. Mama akasema, "Sasa hicho si kidogo? Pasi si inavuta zaidi?" Ni kweli, pasi inavuta mara tano ya hapo. Lakini pasi inazimwa. Tulikaa, chai ikanywewa, mazungumzo yakaenda mbali, na ile kompresa haikupumzika hata mara moja. Friji zima linanguruma, linanyamaza, linanguruma tena. Lile lilikuwa halinyamazi. Wati 180 kwa saa 24 ni yuniti 4.3 kwa siku, shilingi 1,500 na zaidi, na kwa mwezi zaidi ya elfu 46. Vilivyobaki vyote ndani ya nyumba vilikuwa hivi: feni mbili usiku kucha, karibu yuniti moja. TV na king'amuzi na sabufa, 0.6. Pasi ya asubuhi, nusu yuniti. Birika la umeme, 0.3. Taa sita za LED, 0.3. Jumla yake na friji ni saba kwa siku. Yuniti 28 gawa kwa saba: siku nne. Mita ilikuwa inasema kweli.

Nikachukua karatasi, nikaibana kwenye mlango wa friji, nikaivuta. Ikatoka kama haikubanwa na kitu. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa chini, ambako hakuna anayeinama kuangalia. Baridi ilikuwa inatoka mchana na usiku, hewa ya joto yenye unyevu wa Dar inaingia, inageuka barafu kwenye friza, na barafu ile ilikuwa imefika unene wa vidole viwili. Nyuma, friji liligusana na ukuta, wavu wake wa kutolea joto umejaa vumbi na utando wa buibui, na pembeni yake kuna jiko la gesi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii, na nyingi ya hizo unaweza kuzifanya mwenyewe. Mpira ukabadilishwa. Friji likazimwa usiku mmoja, barafu ikayeyuka yenyewe. Usiichokonoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi na hapo friji limekufa. Wavu wa nyuma ukapigwa brashi. Likasogezwa mbali na jiko, likaachiwa nafasi ya kiganja nyuma ili lipumue. Namba ya baridi ikashushwa kutoka 6 hadi 3. Baada ya hapo kompresa ikaanza kupumzika karibu nusu ya muda wake, na elfu kumi ikaanza kukaribia siku ya sita.

Kuna mambo madogo ya friji yanayosaidia. Usiingize sufuria ya mchuzi ikiwa inafuka moshi, iache ipoe. Friji likiwa na nafasi tupu, jaza chupa za maji, zitashika baridi hata mlango ukifunguliwa mara kwa mara na hata umeme ukikatika. Na ukitaka kununua la mtumba, nakuomba: wasikupe bei tu. Waombe waliwashe, ulisubiri mpaka lipoe, uone kama kompresa inanyamaza. Friji jipya la lita 200 hivi, kwenye joto letu, linakula karibu yuniti moja kwa siku, na pengine pungufu. Lile la zamani lenye kula yuniti nne linakudai karibu elfu thelathini zaidi kila mwezi. Friji la bei rahisi lenye hali hiyo utakuwa umelilipia upya kabla mwaka haujaisha.

Maji ya moto

Kupasha maji ndiko kunakovuta umeme kwa nguvu kuliko kazi nyingine yoyote ya nyumbani. Hita ya kuogea, ile ya papo kwa papo iliyofungwa juu ya bomba la mvua, inavuta wati 5,500 au karibu na hapo. Simama mbele ya mita mtu akiwa anaoga: taa inapepesa mara tatu kila sekunde mbili. Dakika nane za kuoga ni yuniti 0.73, shilingi 260. Familia ya watu watano wakioga hivyo asubuhi na jioni, hiyo ni shilingi 2,600 kwa siku, elfu 78 kwa mwezi, kwa kuoga peke yake.

Dar es Salaam, kwa moyo wangu wote, zima hiyo hita. Maji ya tanki lililo juani yana uvuguvugu wa kutosha karibu mwaka mzima. Kwa wenzetu wa Arusha, Mbeya, Iringa na Njombe ni jambo lingine, baridi yao ni ya kweli. Kwao nashauri ndoo. Lita 20 kuzitoa kwenye baridi ya nyuzi 17 hadi 40 zinahitaji kama nusu yuniti. Ni karibu shilingi 190, na mtu mzima anaoga akatakata. Mtoto lita kumi zinamtosha. Hita ya ndoo, ile ya koili, chomoa plagi kwanza ndipo utie mkono kwenye maji. Kila mara, bila kujali haraka uliyonayo.

Wenye boila la tanki, liwashe saa moja kabla ya kuoga kisha lizime. Likiachwa linawaka kutwa, linapasha maji yale yale yanayopoa yenyewe bila mtu kuyatumia.

Na hili la waya lazima niliseme. Wati 5,500 ni karibu ampea 24. Hita hiyo inataka waya wake peke yake wa milimita 4 au 6 na breka yake peke yake. Nimekuta zimeungwa kwenye waya wa soketi wa 2.5, waya umechemka mpaka plastiki imeyeyuka ndani ya ukuta. Ukigusa swichi ya hita na ukaisikia ya moto, acha kuitumia.

Jikoni umeme si ghali ukiwa na chombo sahihi

Hapa wengi watashangaa fundi anayefundisha kupunguza umeme anapowaambia wapikie umeme. Lakini ipime mwenyewe kwenye mita.

Jiko la koili la wati 1,000, maharage makavu nusu kilo yasiyolowekwa, saa mbili mpaka tatu. Yuniti mbili mpaka tatu, shilingi 700 mpaka 1,070. Hiyo ni ghali kweli, na ndiyo iliyowafanya watu waogope umeme jikoni. Maharage yale yale kwenye presha kuka ya umeme yanaiva ndani ya saa moja hivi na yanakula kama nusu yuniti, chini ya shilingi 200. Ukihesabu taa utaona kwa nini: presha kuka inavuta wati 1,000 mwanzoni, ikishapata presha inajikata, halafu inajiwasha kidogo kidogo tu kutunza joto. Mvuke hautoki na pembeni imefunikwa, kwa hiyo joto unalolilipia linaishia kwenye maharage. Koili inapasha hewa ya jiko lako pamoja na sufuria.

Linganisha hiyo na kopo la mkaa unalonunua gengeni kwako, upige hesabu yako. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa sababu ya vifua vya mama zetu kabla hata ya kutaja pesa. Ila ushauri wangu wa fundi ni kwamba usihamishie kila chakula kwenye umeme. Vinavyochemka muda mrefu, yaani maharage, makande, nyama ngumu, kunde, supu ya kongoro, vipeleke kwenye presha kuka. Chapati na kukaanga, baki na gesi.

Birika la umeme chemsha maji unayoyanywa tu. Lita moja na nusu ni shilingi 50. Ukilijaza ili unywe kikombe kimoja, na yakishapoa ukachemsha tena maji yale yale, umezilipa hizo hamsini karibu mara mbili.

Pasi, taa, TV

Pasi ya kila asubuhi inakula zaidi kwa sababu kila siku unaanza kuipasha upya. Panga siku moja, Jumapili jioni kwa mfano, nyoosha sare za watoto na nguo za kazi za wiki nzima. Anza na nzito, malizia na laini, na mbili za mwisho zinyooshe pasi ikiwa umeshaichomoa.

Taa za ndani kama zote ni LED, umemaliza, usizifikirie tena. Inayonisumbua ni taa ya nje. Balbu ya wati 60 ya zamani ikiwaka saa 12 za usiku ni shilingi 256 kwa usiku, karibu 7,700 kwa mwezi. LED ya wati 9 mahali pale pale ni shilingi 1,150 kwa mwezi mzima, na ulinzi ni ule ule.

King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti kinaweza kuendelea kuvuta hata wati 10 kutwa kucha. Hiyo ni zaidi ya shilingi 2,500 kwa mwezi kwa kifaa ambacho hakuna anayekitazama. Zima ukutani. Chaja ya simu iliyobaki kwenye soketi bila simu haifiki hata nusu wati, na kuijaza simu nzima ni kama shilingi saba. Tafadhali msigombane kwa ajili ya chaja.

Joto la Desemba mpaka Machi

Feni ni wati 60. AC ndogo ni kama wati 900 kompresa ikiwa inafanya kazi. Feni kumi na tano kwa AC moja. Kama AC ipo na lazima itumike, iweke nyuzi 25 au 26, osha chujio lake kila mwezi, ziba nafasi chini ya mlango kwa kitambaa, na uwashe feni pamoja nayo ili baridi isambae. Chumba chenye bati bila dari hakipoi hata uweke AC mbili, kwa sababu bati linakushushia joto mpaka usiku. Pesa ya AC ya pili kapige dari.

Pampu inayojiwasha usiku

Nyumba yenye pampu ya otomatiki ina mla umeme wake wa siri: choo kinachovuja. Maji yakidondoka kidogo kidogo kwenye tanki la choo, presha ya bomba inashuka, pampu inajiwasha, inajaza, inazima, na baada ya dakika chache inaanza tena. Usiku kila mtu kalala na pampu ya wati 750 iko kazini. Dondosha rangi ya chakula kwenye tanki la choo. Rangi ikitokea kwenye bakuli bila mtu kuvuta maji, badilisha mpira wa ndani. Ni kifaa cha bei ndogo dukani.

Usiibiwe na vifaa vya "kupunguza umeme"

Kuna kidude kinauzwa cha kuchomeka kwenye soketi, kina taa ya kijani, na muuzaji anakuahidi kitapunguza bili kwa nusu. Nimevifungua, ndani kuna kapasita ndogo na hiyo taa. Mita ya nyumbani inahesabu umeme uliotumika kweli, na kapasita haibadilishi chochote kwenye hesabu hiyo. Ukitaka uthibitisho, hesabu taa nyekundu ya mita kabla na baada ya kukichomeka. Na atakayekuambia anaweza "kuirekebisha" LUKU isisome vizuri, mfukuze mlangoni. Ni kosa la jinai, faini yake itakufilisi, na nyaya za namna hiyo ndizo zinazounguza nyumba watu wakiwa usingizini.

Nyumba yenye wapangaji na mita moja

Nyumba ya vyumba sita, LUKU moja, kila chumba kinachanga elfu tano. Mwenye balbu moja na simu anaona anaonewa, mwenye friji ananyamaza, na mwisho wake watu hawasalimiani kwenye korido. Mengi ya haya yanamalizwa na karatasi moja.

Kaeni pamoja, kila mtu aandike vifaa vyake, wati zake (zimeandikwa nyuma ya kifaa, au mhesabu kwenye mita) na saa anazokitumia kwa siku. Zidisha wati kwa saa, gawa kwa 1,000, hizo ni yuniti za siku. Chumba chenye balbu ya wati 9 saa tano, feni wati 60 saa nane, TV wati 50 saa nne: yuniti 0.73 kwa siku, karibu shilingi 7,800 kwa mwezi. Chumba cha jirani chenye vitu hivyo hivyo pamoja na friji la yuniti moja na nusu: yuniti 2.23, karibu elfu 24. Sasa kila mtu anaiona tofauti kwa namba, na mwenye friji analipa akiwa anajua kwa nini.

Kinachodumu zaidi ni mita ndogo, submita, moja kwa kila chumba, zikifungwa baada ya mita kuu kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Fundi azifunge zote ukutani mahali pa wazi, penye mwanga, kila mpangaji aweze kuisoma ya mwenzake. Tarehe moja ya mwezi watu wawili wasome pamoja, waandike kwenye daftari, wapige picha ya kila mita kwa simu. Ongeza pia taa za korido, nje na pampu kama mstari wake peke yake, mgawane sawa. Jumla ya submita na mstari huo ilingane na yuniti zilizotoka kwenye mita kuu. Zikipishana sana, rudini kwenye taa nyekundu, zimeni kila kitu, na muanze kuhesabu.